Mzee Antipasi Ntandu Alihesabu Mpaka Kumi na Mbili

Miaka thelathini kamili, haijapungua siku. Mzee Antipasi Ntandu aliandikishwa kazi hapa Machimbo ya Jasi Isonto tarehe 1 Julai 1968, na leo, Jumanne tarehe 30 Juni 1998, anastaafu. Katika miaka hiyo, minne ya kwanza alikuwa mpakuaji, ishirini na mitano na ushee alikuwa mtu wa breki kwenye reli yetu ndogo, na miezi minane ya mwisho amekuwa anafagia uwanja wa mizani. Nimeombwa na tawi la chama cha wafanyakazi niandike wasifu wake uwe mfupi na wa kufurahisha. Wa kufurahisha nitajaribu. Lakini hiyo miezi minane, wazee wangu mnivumilie, siwezi kuiandika huku natabasamu.

Alikuja kutoka upande wa Ikungi akiwa kijana wa miaka ishirini na mitano, kwa baiskeli, siku mbili njiani, na kuku mmoja kwenye tenga. Kuku alikuwa wa nyapara, kama shukrani ya mapema. Nyapara akamwambia, "Hapa kazi hainunuliwi, rudi na kuku wako." Kijana akasema sawa, akamchinja palepale nyuma ya stoo, akapika, akaita wenzake wote wapya wakala. Nyapara alipoona hivyo naye akavuta kigoda. Ndivyo Mzee Antipasi alivyoanza: hakutoa hongo, na hakuna aliyelala njaa.

Mwaka 1981 ilikuwa shida tupu, hata sabuni ilipangiwa foleni. Grisi ya kupaka magurudumu ya matoroli ikaisha kabisa. Mzee Antipasi akaenda kwa rafiki yake mmoja mrina asali wa Rungwa, akarudi na nta, akaichanganya na mafuta ya alizeti, akapaka ekseli zote. Matoroli yakateleza kama yamezaliwa upya. Tatizo ni kwamba nta ilikuwa bado na asali. Siku ya pili nyuki wakashuka na matoroli kutoka kilimani mpaka jukwaa la kupakulia, na meneja wa zamani zile, mtu mnene, inasemekana alikimbia mpaka kituo cha treni bila kugeuka. Mama Febronia, anayetupikia uji mpaka leo, huwa hawezi kuimaliza hadithi hiyo, kicheko kinamshinda.

Sasa kwa wageni wetu ambao hawajaona reli yetu, nieleze, kwa sababu bila hilo hamtaelewa jambo lenyewe.

Jasi inachimbwa juu mlimani. Inapakiwa kwenye toroli la chuma, linapimwa kwenye mizani yetu hukohuko juu. Toroli linateremka lenyewe kwa uzito wake, na mtu wa breki amesimama nyuma kwenye kibao, ameshika mti wa breki, analipunguza mwendo. Likifika chini reli inakuwa tambarare. Mtu wa breki anaruka chini. Pale tambarare limesimama toroli lingine, tupu. Lenye mzigo linaligonga polepole, ndoano inajifunga, yanaondoka yote mawili pamoja. Yanakwenda mita kumi na mbili, yaani mataruma ishirini, mpaka lile tupu lifike mwisho wa reli kwenye gogo la mninga lililovikwa matairi chakavu. Linagusa, du! Yanasimama. Hapo lile lenye mzigo linakuwa sawasawa mbele ya jukwaa, halihitaji hata kusukumwa. Wakishapakua, winchi inayavuta kurudi, lile tupu linaachwa tena palepale tambarare, na lingine linapanda juu kupakiwa. Ndiyo kazi, na Mzee Antipasi aliifanya mara thelathini kwa siku.

Kuna kitu kimoja. Kutoka pale anaporuka mtu wa breki, mwisho wa reli hauonekani. Lundo la jasi limeziba. Na kule mwisho kuna watu wameinama, wanafagia makombo ya jasi kwenye reli kwa mikono. Kabla ya mwaka 1972 ilikuwa kawaida mtu kukatika kidole. Mzee Antipasi alipopewa breki mwaka huo, alianzisha desturi yake: matoroli yakigongana tu, anaanza kuhesabu kwa sauti. Moja! Mbili! Tatu! Sauti yake mnaijua, inafika mpaka jikoni kwa Mama Febronia. Akifika kumi, mikono yote inatoka relini. Akifika kumi na mbili, du, gogo. Kila mara kumi na mbili. Siyo kumi na moja, siyo kumi na tatu. Tangu 1972 mpaka alipoondolewa kwenye breki, hakuna aliyepoteza hata kucha. Watoto wa mtaa wa nyuma walijifunzia hesabu hapo, wakifika shule wanajua mpaka kumi na mbili halafu wanasema du.

Mwaka 1995 machimbo yakabinafsishwa, mwekezaji akaja. Hatukatai, kofia za plastiki tumepata, na winchi mpya tumepata. Tulikuwa watu mia na kumi na mbili, tumebaki thelathini na saba. Tukaletewa pia msimamizi wa zamu, Bwana Stanley, kijana wa suti, mwenye kalamu tatu mfukoni. Siku ya kwanza alimsalimia Mzee Antipasi, "Vipi, mzee, mambo?" Mzee akamwangalia mpaka chini ya viatu. Kisha akamjibu kwa Kinyaturu maneno ambayo hayafai kuwekwa kwenye ratiba ya sherehe.

Haya. Alhamisi tarehe 16 Oktoba 1997.

Asubuhi ile Bwana Stanley alileta kompresa mpya ya kuchimbia, ikiwa kwenye matairi yake, akatafuta pa kuiegesha. Akaona mwisho wa reli pazuri, pana kivuli cha jukwaa. Lakini gogo la mninga limekaa pale. Akamwita Yeremia, mpakuaji, na wenzake watatu, akawaambia waling'oe. Yeremia akauliza, "Bosi, tumwambie Mzee juu kule?" Bwana Stanley akasema, "Nitamwambia mwenyewe. Nyie nendeni mkanywe uji." Wakaenda. Kompresa ikaegeshwa palepale penye gogo. Bwana Stanley akaenda ofisini kupokea simu.

Hakumwambia. Naandika tena, ili anayesoma haraka asipite: hakumwambia.

Saa mbili na robo Mzee Antipasi akateremka na toroli la kwanza la siku. Akaruka chini pale anaporukaga siku zote. Matoroli yakagongana. Akaanza kuhesabu. Watu wote waliokuwa kwenye uji walimsikia, na waliokuwa kwenye mizani tulimsikia. Alipofika kumi na mbili haikuwa du. Ilikuwa mlio wa bati na kioo, halafu maji yakimwagika. Rejeta ya kompresa ilikuwa imekunjwa kama karatasi ya maandazi.

Mzee alipolizunguka lile lundo na kuona, alishika kichwa, akasema, "Gogo langu liko wapi?" Hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza. Lilikuwa swali sahihi kuliko maswali yote yaliyoulizwa na kamati ya uchunguzi siku tatu zilizofuata.

Maana kamati iliuliza nini? Iliuliza kama alikuwa amekunywa. Iliuliza kama anaona vizuri. Iliuliza umri wake, eti. Ripoti ya Bwana Stanley, nimeisoma kwa macho yangu, ina ukurasa mmoja na nusu, na neno gogo halimo hata mara moja. Inasema hivi: "Mfanyakazi aliachia toroli bila kufunga breki, likateremka kwa mwendo usiopungua kilomita ishirini kwa saa, kama uharibifu unavyothibitisha." Yaani kompresa imevunjika, kwa hiyo mwendo ulikuwa mkali. Basi. Ndiyo hesabu yote aliyoifanya mtu mwenye kalamu tatu.

Yeremia alijitokeza kueleza habari ya gogo. Akaambiwa mpakuaji hahojiwi, anahojiwa aliyesababisha. Mzee Antipasi akapewa barua ya onyo kali kwa uzembe, ikaingia kwenye faili. Akaondolewa kwenye breki, akapewa ufagio. Na akaambiwa kwamba mwenye barua ya uzembe hapewi Cheti cha Utumishi Mwema siku ya kustaafu. Miaka thelathini! Mama Theodora, mke wake, alikuwa ameshapigilia msumari ukutani sebuleni, wa kutundikia hicho cheti.

Na siyo hivyo tu. Kuhesabu kukapigwa marufuku. "Kelele," alisema Bwana Stanley. "Hapa ni kampuni, siyo chekechea." Sawa. Mwezi wa pili mwaka huu Yeremia akapoteza ncha ya kidole chake cha shahada, kwenye reli ileile, mchana kweupe, kwa sababu hakuna aliyesema kumi. Kampuni siyo chekechea.

Sasa niwaambie jinsi ukweli ulivyotoka, kwa sababu haukutoka kwa kamati. Ulitoka kwa ufagio.

Pale mizani tunapopima matoroli huwa kuna muda wa kukaa bure, hasa mvua za mwaka jana zilipokata njia na mabehewa hayaji. Mimi nilikuwa na kitabu cha fizikia. Nilikikuta dukani kwa Bwana Abdulhamidi pale Itigi, anafungia chumvi. Kurasa themanini na saba za mwanzo zilikuwa zimeshakwenda na chumvi ya watu, nikamwomba zilizobaki. Ndiyo maana yaliyo mwanzoni siyajui kabisa, ila yaliyoanzia ukurasa wa themanini na nane nayajua kama sala. Na ukurasa wa themanini na nane unaanza na vitu vinavyogongana.

Siku moja nilikuwa nahangaika na swali. Behewa lenye uzito fulani linakwenda, linakuta lingine limesimama, yanashikana. Yatakwenda kwa mwendo gani? Mzee Antipasi akaegemea ufagio, akauliza, "Binti, unapigana na nani?" Nikamsomea swali kwa Kiswahili: la kwanza tani tatu, linakwenda mita nne kwa sekunde, la pili limesimama, tani moja. Sijamaliza hata kuandika tani moja, akasema, "Tatu."

Nikasema, "Mzee, subiri kwanza, kuna fomula."

"Fomula ya nini? Mwendo ni kama uji wa Febronia. Sufuria ni moja. Wakija watu watatu wanapata vikombe vinne vinne. Akiongezeka wa nne, wanapata vitatu vitatu. Uji haujapotea, umegawanywa tu. Anayekuta wenzake wamesimama, anawagawia."

Nikafungua majibu nyuma ya kitabu. Tatu. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Kitabu kinatumia ukurasa mzima na mishale kusema kitu hichohicho: chukua uzito, zidisha kwa mwendo, kwa kila kimoja, jumlisha. Jumla hiyo kabla ya kugongana na jumla hiyo baada ya kugongana ni sawasawa. Wataalamu wanaiita momenta. Haipotei kwenye kugongana, inagawanywa. Watu wamesoma miaka mingi kuijua, na hapa kuna mtu ameijua kwa miguu, kwa kuruka kutoka kwenye kibao mara thelathini kwa siku.

Halafu ndipo ikanijia. Nikamwambia, "Mzee. Siku ile ya kompresa ulihesabu mpaka ngapi?"

"Kumi na mbili. Si mlisikia wote?"

Tulisikia wote! Jamani, tulisikia wote, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba tumeshika ushahidi masikioni miezi yote hiyo.

Fuateni hesabu, ni fupi, hata mtoto wa darasa la tano anaiweza. Toroli la siku ile tulilipima sisi wenyewe hapa mizani kabla halijateremshwa, na karatasi ipo: kilo elfu moja na mia mbili, pamoja na jasi yake. Toroli tupu ni kilo mia nne. Yakishikana ni kilo elfu moja na mia sita. Yalikwenda mita kumi na mbili kwa hesabu kumi na mbili. Na hesabu ya Mzee ni sekunde, nilimpima kwa saa mara tatu bila yeye kujua, nikimwomba anihesabie magunia: sitini zake ni dakika moja, hata saa ya redio haimshindi. Kwa hiyo yote mawili yalikuwa yanakwenda mita moja kwa sekunde. Elfu moja na mia sita mara moja. Hiyo ndiyo momenta yote baada ya kugongana, na ndiyo ilikuwepo kabla. Kabla ilikuwa imebebwa na toroli moja tu, la kilo elfu moja na mia mbili. Gawanya. Inakuja mita moja na theluthi kwa sekunde. Kwa saa ni kilomita nne na nusu na kidogo, hazifiki tano. Huo ni mwendo wa mama anayewahi misa ya pili.

Sasa chukua za Bwana Stanley, kilomita ishirini kwa saa. Ni mita tano na nusu kwa sekunde. Zidisha kwa kilo elfu moja na mia mbili, gawanya kwa elfu moja na mia sita. Yakishikana yangekwenda mita nne na zaidi kwa sekunde. Mita kumi na mbili zingeisha ndani ya sekunde tatu. Tatu! Mzee angesema moja, mbili, na kompresa ingevunjika kwenye tatu. Watu waliokuwa na vikombe vya uji mkononi walimsikia akisema nne, tano, sita, saba, nane, tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Hizo tisa zilizozidi Bwana Stanley alizipeleka wapi?

Na kama mtu atauliza mbona kompresa ilivunjika kwa mwendo mdogo namna hiyo, jibu ni kwamba tani moja na nusu na zaidi haihitaji kukimbia ili ikunje rejeta. Gogo la mninga lilikuwa linapokea kitu hichohicho mara thelathini kila siku bila kulalamika, kwa sababu ndiyo kazi yake. Rejeta siyo gogo.

Katibu wetu wa tawi, Dada Hanifa, aliandika barua kwa Meneja. Mbili hazikujibiwa. Ya tatu aliipeleka mwenyewe, akakaa ofisini kwenye benchi kutoka asubuhi mpaka mchana, anafuma kitambaa. Meneja akatoka, akasema, "Mama, unangoja nini?" Akasema, "Nangoja sekunde kumi na mbili za muda wako."

Jumamosi tarehe 23 Mei, mbele ya watu wote thelathini na saba, jaribio likafanyika. Gogo lilirudishwa. Toroli likapimwa, kilo elfu moja na mia mbili, tukaongeza mawe mawili madogo mpaka mizani ikatulia. Toroli tupu likawekwa pale pake. Meneja akashika saa yake mwenyewe, hatukutaka iwe ya mtu mwingine. Mzee Antipasi alipanda kwenye kibao kwa mara ya kwanza tangu Oktoba, akatemea mate mikononi, akashika mti wa breki. Alivyoteremka! Miaka hamsini na mitano, amesimama kama mpanda farasi. Akaruka, chuma kikagonga chuma, akaanza. Na sisi sote, bila kuambizana, tukahesabu naye. Kumi na moja. Kumi na mbili. Du.

Meneja akaangalia saa. Akasema, "Kumi na mbili."

Bwana Stanley akasema hiyo haithibitishi kitu, leo amefunga breki kwa sababu anaangaliwa, siku ile hakufunga. Mzee akamjibu polepole kabisa, "Sawa, mwanangu. Basi tulifanye bila breki." Mikono yote ikatolewa relini, watu wakarudishwa nyuma mpaka jikoni kwa Mama Febronia. Toroli likaachiwa kutoka juu, halina mtu, breki imefunguliwa. Likaja linalia. Likagonga lile tupu, Meneja akaanza kuhesabu kwa sauti yake mwenyewe: "Moja, mbili, ta..." Hakuimaliza. Gogo lilipasuka katikati na tairi moja likaruka juu ya jukwaa, likaja likabingirika mpaka miguuni pa Bwana Stanley, likazunguka, likalala. Mama Febronia akapiga kelele kutoka jikoni, "Msimamizi, pokea mgeni wako!"

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mzee Antipasi hakucheka. Alikwenda kuliangalia gogo.

Sasa mtu mwenye akili atasema, basi, yameisha. Nami nilisema hivyo. Nilikwenda nyumbani naruka. Kumbe!

Tarehe 12 Juni barua ikatoka. Nanukuu: "Kwa kuzingatia umri wake na utumishi wake wa muda mrefu, uongozi umeamua kumsamehe mfanyakazi huyu kosa la uzembe la tarehe 16 Oktoba 1997, na atapewa Cheti cha Utumishi Mwema mara atakapotia sahihi kukubali msamaha huu."

Kumsamehe! Baada ya mizani, baada ya saa ya Meneja mwenyewe, baada ya gogo kupasuka mbele ya macho ya watu! Ukijua kwamba mbili na mbili ni nne, huwezi kusema unamsamehe mtu aliyesema nne.

Mzee aliniletea ile barua pale mizani kwa sababu miwani yake ilikuwa imevunjika mkono. Nikamsomea. Akasema, "Soma tena hapo katikati." Nikasoma. Akasema, "Tena." Nikasoma mara ya tatu. Akaikunja vizuri, mara mbili, akaiweka mfukoni, akaenda nayo ofisini. Nilimfuata, sikuitwa lakini nilimfuata.

Meneja alisimama, akasema, "Shikamoo, mzee," na hilo nalisema kwa haki, kwa sababu alisema vizuri. Akamsogezea kalamu.

Mzee akasema, "Marahaba. Meneja, anasamehewa aliyekosa. Mimi nilikosa nini?"

"Mzee wangu, ni maneno tu ya kiofisi. Saini, uchukue cheti chako, upumzike."

"Kama ni maneno tu, basi yabadilishe."

Meneja akaketi tena. Akasema ripoti ya kwanza imeshakwenda makao makuu. Ikibadilishwa, itabidi aandikwe mwingine aliyekosa. Alisema hivyo, mimi nilikuwepo mlangoni. Yaani tatizo siyo kwamba hawajui nani alikosa. Tatizo ni kwamba wanajua.

Mzee Antipasi akairudisha kalamu kwa kidole kimoja, taratibu, kama anavyosogeza kokoto relini. Akasema, "Basi cheti kikae. Nimeishi bila hicho miaka hamsini na mitano." Akatoka, akachukua ufagio wake, akamaliza upande wa mashariki wa uwanja uliokuwa umebaki. Mpaka leo asubuhi ninapoandika haya, hajasaini. Amefanya kazi mpaka siku ya mwisho, na jana jioni uwanja wa mizani aliuacha unang'aa.

Uongozi umeiona rasimu ya wasifu huu na umetuomba tupunguze aya za katikati, ziendane na furaha ya siku. Tawi lilikaa, likapiga kura. Hatukupunguza.

Kwa hiyo, Meneja, utakaposimama baada ya chakula kutoa hotuba, tunakuomba kwa heshima zote mbele ya familia yake na wageni: usiseme neno msamaha. Sema hakukosa. Ni neno moja. Ukishalisema hapa, mbele ya watu, Dada Hanifa atakupa karatasi safi yenye muhuri wa tawi, na wewe ndiye utakayetia sahihi, siyo Mzee. Usipolisema, karatasi nyingine ipo tayari, ina hesabu yote niliyoieleza hapo juu na sahihi za watu thelathini na sita, Yeremia amesaini kwa mkono wa kushoto. Hiyo itaingia kwenye faili lake juu ya barua zote mbili, ili atakayelifungua faili hilo miaka ijayo aanze kusoma hapo. Na nakala yake amepewa Mama Theodora.

Mzee Antipasi, shikamoo. Asante kwa vidole vyetu, maana wengi tuliopo hapa tunavyo vyote kumi kwa sababu ya sauti yako. Asante kwa nta, kwa nyuki, kwa kutufundisha kwamba mwendo haupotei ila unagawanywa. Mungu akupe miaka mingi, mtama mwingi, wajukuu wasumbufu, na usingizi wa mchana usiokatizwa na king'ora cha zamu. Nenda nyumbani kwa amani, Mzee wetu. Hujasamehewa na mtu yeyote, kwa sababu hukukosa.

Stumai, Mizani
Kwa niaba ya wafanyakazi wa Jasi Isonto